Darubini Yangu Iliyogeuzwa Bomba, Kioo na Stuli

Banda la Saa,
Mkabala na duka la dawa la kona.
Jumapili.

Kwa Meneja wa Forodha,
Kituo cha Mizigo, Ghala la Pili.

Ndugu Meneja,

YAH: DARUBINI MOJA INAYOSHIKILIWA KWENU IKIWA VITU VITATU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama unaumwa basi usiwe unaumwa macho, maana macho ndiyo yaliyonifikisha kwenye benchi lenu. Mimi ni fundi saa. Nina miaka sitini na mmoja, sijawahi kushitakiwa, sijawahi kuchelewa popote, na hadi wiki kumi na moja zilizopita sikuwahi kumwandikia mkubwa yeyote malalamiko. Mke wangu anasema huo ni uongo, kwamba nimewahi kukiandikia kiwanda cha betri mara nne. Zile zilikuwa barua za ushauri.

Jambo lenyewe ni dogo. Niliagiza darubini kutoka ng'ambo. Si mpya, mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia nyumba isiyo na ua. Ni darubini ya kutazamia nyota: kopo refu la bati, kioo cha kukaa ndani yake chini kabisa, na miguu mitatu ya kulisimamisha. Ilivuka salama, haikulowa wala haikuvunjika, ikaingia ghalani kwenu ndani ya maboksi matatu. Hapo ndipo ilipopotelea, ingawa naiona kila siku.

Niliiagiza kwa ajili ya Mama. Mama yangu ana miaka themanini na mbili, na kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi ya usafi katika shule ya sekondari. Kwenye darasa la jiografia kulikuwa na chati ya sayari ukutani, na kila asubuhi Mama aliipangusa vumbi. Zohali ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu walimu walikuwa wameibandikia pete ya kadibodi iliyotokeza nje, na vumbi lilikaa juu ya ile pete kama lina mkataba nayo. Mama hakuamini kwamba huko juu kuna kitu cha namna hiyo. Aliona ni mapambo tu ya walimu, sawa na maua ya plastiki ofisini kwa mkuu wa shule. Tangu astaafu ameniuliza mara nyingi kama ile pete ipo kweli. Nikimjibu ipo, huniuliza nani kaiona.

Sasa Mama ana presha ya macho. Daktari ametueleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kupungua. Ukifika mwisho wa mwaka huenda likaziba. Kwa bahati, darubini nayo ni ya kuchungulia tunduni, kwa hiyo hadi leo Mama na darubini bado wanaelewana. Ila Zohali nayo haina muda. Inaonekana jioni upande wa machweo, kila juma inashuka kidogo, na baada ya wiki tatu itazama pamoja na jua tusiione tena kwa miezi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nimengoja, Ndugu Meneja, lakini wahenga hawakusema ungoje na namba ya foleni mkononi.

Baada ya utangulizi huo mfupi, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Boksi la kwanza, lenye kopo, lilipelekwa Meza ya Kwanza, ambayo ni ya mabomba na vifaa vya ujenzi. Afisa wa meza hiyo aliligonga kopo kwa vifundo vya vidole, akalisikiliza, akatamka kwamba hili ni bomba la inchi sita. Nilimwonyesha kwamba limezibwa upande mmoja. Akasema basi ni bomba lililozibwa. Nikamwonyesha tundu la kuchungulia lililoko ubavuni. Akasema basi ni bomba lililozibwa na linalovuja. Akanidai barua ya mamlaka ya maji kuthibitisha kwamba sitaliunganisha kwenye mabomba ya mtaa bila idhini.

Sikubishana. Niliifuata barua. Watu wa maji walikuja nyumbani wawili kwa pikipiki moja, wakalitafuta kwa saa nzima bomba ambalo liko ghalani kwenu, wakaukuta mfereji wangu wa uani unadondosha, wakaniandikia onyo kwa ajili hiyo, kisha wakaniandikia na barua nzuri yenye mhuri: bomba husika halipitishi maji. Niliileta nikiwa natabasamu. Afisa aliisoma mara mbili, akasema kama bomba halipitishi maji basi ni bidhaa isiyokidhi viwango, na kuingiza nchini bidhaa ya namna hiyo ni kosa. Nilirudi nyumbani nikiwa mwagizaji wa mabomba mabovu.

2. Boksi la pili, lenye kioo, lilikwenda Meza ya Pili, ya vioo na vipodozi. Hapa naomba nieleze kwa uangalifu kwa sababu namheshimu dada wa meza ile. Kioo cha darubini kimeingia ndani kidogo sana katikati, ili kikusanye nuru ya nyota, na mtu akikisogeza karibu humkuza uso. Dada alikisogeza karibu. Aliuona uso wake umekuwa mpana kama sinia, na puani akaona chunusi ambayo hadi dakika ile ilikuwa siri ya yeye na Muumba wake. Kwanza alikuwa ameandika "kioo cha saluni". Baada ya kujitazama alikata, akaandika "kioo cha saluni, chenye kasoro". Kisha akanidai leseni ya saluni. Nilivua kofia nikamwonyesha upara nilionao tangu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Akasema wenye saluni si lazima wawe wateja.

Kwenye kioo hicho sasa kuna alama ya kidole gumba cha serikali. Tafadhali asiipanguse kwa kitambaa cha mezani, nitaisafisha mwenyewe kwa maji safi, na kama inahitajika nitairudisha kwenu kwa maandishi.

3. Boksi la tatu, la miguu, lilikwenda Meza ya Tatu, ya samani, na kuandikwa "stuli isiyo na kikalio". Mzee wa meza hiyo, mtu mnene na mwenye moyo wa kazi, aliona haifai kuandika bila kujaribu. Nilimsihi asijaribu. Alijaribu. Nashukuru Mungu hakuumia popote panapotajika kwenye barua, na nawashukuru waliomwinua. Baada ya ajali hiyo aliongeza maneno "ya hatari kwa mtumiaji", akaniambia kwamba stuli za kutoka nje zinatozwa ushuru mkubwa ili kuwalinda maseremala wetu.

Mimi nina shemeji seremala. Nilimpigia simu nikamwomba aje athibitishe kwamba hii si stuli. Alifika na suruali ya kazi, vumbi la mbao nyusini, akaizunguka ile miguu mara tatu, akaitikisa, akaikuna kwa kucha. Kisha akageuka upande wa afisa akasema kwamba stuli za namna hii ndizo zinazoua biashara yake, na kwamba serikali imechelewa. Walipeana mikono. Jumapili iliyofuata alikuja kwangu kula kama kawaida, akaomba aongezwe mchuzi, na nikamwongeza, maana shemeji ni shemeji.

4. Lalamiko la nne linanihusu mimi mwenyewe na nalileta kwa uchungu. Katika ukumbi wenu mna saa kubwa ya ukutani. Nilipofika mara ya kwanza ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi, na kwa mujibu wa mlinzi wa getini ilikuwa imesimama hapo miaka mitano. Mtu hawezi kuwa fundi saa miaka thelathini na nane akakaa wiki mbili chini ya saa mfu bila mkono kumwasha. Siku ya kumi na tatu niliomba ngazi. Tatizo lilikuwa dogo, mjusi alikuwa ametaga nyuma ya mashine. Niliisafisha, nikaiwekea betri kutoka mfukoni mwangu, ikaanza kutembea, na watu kwenye foleni wakapiga makofi.

Sikujua ninachokifanya. Miaka yote mitano maafisa wenu walikuwa wakiinua macho na kuona bado ni saa nne asubuhi, basi wanaendelea na kazi mpaka wachoke. Tangu siku ile, ikifika saa tisa na nusu kamili, meza zote nne husimama kwa pamoja kama watu walioitwa. Mara tatu namba yangu imetajwa saa tisa na dakika ishirini na tisa. Wenzangu wa foleni hawanisalimii tena. Mama mmoja anayengojea mashine ya kusaga nafaka aliniambia wazi kwamba kama ningetuliza mikono yangu, angekuwa anasaga sasa hivi.

5. Wakala mmoja wa forodha alinihurumia akaniazima kitabu cha ushuru. Nilikisoma siku tatu bandani, kati ya mteja mmoja na mwingine, na humo nikakuta kanuni yenu wenyewe: kitu kilichofunguliwa vipande kwa ajili ya safari huhesabiwa kuwa kitu kimoja kizima. Nilikimbilia Meza ya Nne kwa Afisa Mkuu wa Uainishaji, bwana mpole mwenye miwani mbili, moja puani na moja utosini. Aliisoma kanuni, akakubali mara moja, na kwa dakika moja hivi niliipenda serikali.

Ndipo akafungua ukurasa mwingine. Kumbe darubini zina mistari miwili. Darubini ya kutazama nyota ni chombo cha elimu na haitozwi kitu. Lakini kifaa cha kutazamia mbali, yaani cha kutazamia watu, majumba na mali zao, hutozwa asilimia ishirini na tano, na huhitaji kibali cha usalama. Aliniuliza kama darubini yangu inaweza kuinama. Nilimwambia inaweza, kwa sababu kila kitu chenye bawaba huinama. Akashusha miwani ya utosini, akawa na jozi mbili puani, akanitazama kwa muda mrefu.

Nilifanya nini? Nilikwenda kwa wakili nikaapa. Nakala ya kiapo mnayo. Niliapa kwamba darubini hii haitatazama kamwe kitu chochote kilichoko chini ya upeo wa macho, kiwe mtu, nyumba, mfugo au mali ya umma. Nilichonga kwa mkono wangu kizuizi cha shaba ambacho kikifungwa, kopo haliwezi kuinama hata nusu ya nyuzi. Afisa Mkuu alikipenda sana kile kizuizi, akakigeuza geuza, ila akauliza kuhusu ndege zinazopita juu, kwa kuwa ndani yake mna abiria na abiria ni watu. Niliongeza kifungu kwamba ndege ikipita nitafumba jicho. Na hapa narudia, Ndugu Meneja, kwa dhati ya moyo wangu: hiki si kifaa cha kutazamia watu. Watu nawaona bure kutwa nzima bandani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyenifanya nitamani kumkuza.

6. Nilidhani tumemaliza. Hapana. Nilipewa fomu ya kijani yenye kisanduku kinachouliza "nchi inakotoka bidhaa". Karani wa fomu, ambaye ni mtu wa kufuata maandishi, alisema kopo linatoka ng'ambo, sawa, lakini kwa kuwa nimeapa kwamba chombo hiki kinapokea nuru kutoka nje na kuileta ndani, basi na nuru nayo iandikwe. Niliandika "Zohali". Akatafuta Zohali kwenye orodha ya nchi tulizo na mkataba nazo wa biashara. Hakuiona. Alisikitika kwa dhati, akaniambia nchi zisizo na mkataba hulipa kiwango cha juu.

Ndugu Meneja, nimeifikiria hoja hii kwa siku kumi, na nimeona kwamba karani yuko sahihi na kwamba sisi wengine wote ni wahalifu. Kwa hiyo najisalimisha. Tangu nizaliwe nimeutazama mwezi bila kulipa, mara zisizopungua elfu kumi, mara nyingine nikiwa na mke wangu. Nimepokea nuru ya Zuhura nikiwa nakwenda kununua mkate. Nimepokea ya Mshtarii nikiwa juu ya paa nikikamata antena. Sikutoa tamko wala kuomba risiti.

Lakini haki iende sawa kwa wote. Jua huingiza mzigo kila asubuhi bila nyaraka, hupita juu ya geti lenu bila kusimama, hushusha hadi juu ya meza zenu, na maafisa wenu huutumia mzigo huo huo kusomea fomu zangu. Kwa lugha ya kitabu chenu, kituo kizima kimepokea mali isiyolipiwa ushuru, kila siku ya kazi, tangu kilipofunguliwa. Silaumu. Nasema tu kwamba kama mimi ni mwizi wa kijiko, basi ghalani mna mapipa.

Na hata nuru yenyewe ya Zohali nimeichunguza. Zohali haina nuru yake. Huazima kwa jua, na nuru hiyo husafiri zaidi ya saa nzima kabla ya kutufikia. Kwa hiyo si bidhaa ya Zohali hata kidogo. Ni bidhaa ya jua iliyopitishwa Zohali, imekwisha kutumika, haina dhamana wala kifungashio. Naomba itozwe kama mtumba.

7. Ghala lenu linanidai pia malipo ya hifadhi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wangu amekaa kwenu wiki kumi na moja, halafu mwenye kupewa jembe ni mimi. Hili sitalieleza zaidi kwa sababu nikilieleza mwandiko wangu unaharibika.

Kutokana na hayo, naomba lolote kati ya haya. Ama mniachie darubini yangu ikiwa darubini, kwa mstari wa nyota, bila ushuru. Ama mniachie bomba peke yake, kioo peke yake na stuli peke yake, nami nitaapa tena kwamba vitakutana nyumbani kwangu kwa bahati mbaya. Ama kama bado hamniamini, mniletee afisa wa kudumu akae uani kwangu na kaunta yake na mhuri, akague kila nyota kabla Mama hajaitazama. Nitampa kiti chenye kikalio. Chai itakuwapo. Zohali ikipita kwenye tundu atagonga mhuri, nyingine zote atazirudisha zilikotoka. Na kama hata hilo ni gumu, basi liandikieni jua lisimamishe shughuli zake mpaka lilete nyaraka, tukae gizani wote kwa usawa, maana kwa upande wa Mama giza linakuja hata bila barua yenu.

Samahani kwa sentensi hiyo. Nilikusudia kuifuta lakini nimeiacha.

Mama mwenyewe hanung'uniki. Kila nikirudi mikono mitupu huniuliza leo wamesema nini, nami humweleza, naye hucheka. Kuhusu mzee wa stuli alicheka hadi akashika mbavu. Ila juzi hakucheka. Aliniambia, "Basi waambie waitazame wao. Mmoja wao aje aniambie kama ile pete ipo." Nami nafikisha ujumbe kama ulivyo, kwa kuwa nilitumwa.

Nisalimie Meza ya Kwanza, na umwambie mfereji wangu nimeshauziba. Nisalimie dada wa Meza ya Pili. Chunusi za namna ile huondoka zenyewe ukiziacha. Nisalimie mzee wa Meza ya Tatu na umpe pole ya mgongo. Nisalimie Afisa Mkuu, miwani zake zote mbili, na karani wa fomu ya kijani. Nisalimie mlinzi wa getini, saa yake iko tayari, ilikuwa na maji ndani. Msalimie na huyo mama wa mashine ya kusaga, na umwambie namwombea aitwe kabla ya saa tisa na nusu.

Ndimi, mwenye kulijua benchi lenu kuliko kitanda changu,

FUNDI SAA

N.B. (Ijumaa.) Ndugu Meneja, tafadhali usiamini neno lolote la hapo juu. Barua ilikuwa bado mezani ikingojea stempu wakati mlinzi wa getini aliponipigia Jumanne asubuhi kunijulisha kwamba mzigo wangu umeachiwa. Nilifika nikakuta Afisa Mkuu ameshasaini mwenyewe tangu Ijumaa iliyopita, kwa mstari wa nyota, asilimia sifuri. Sababu aliyoandika ilikuwa neno moja tu: kiapo. Nilimshika mkono. Ningeweza kuichana barua hii, lakini kwa yaliyotokea tangu hapo imebidi niiongeze na kuileta.

Jumatano saa moja na nusu jioni tulimkalisha Mama uani, nami nikamtafutia Zohali. Aliweka jicho tunduni, akatulia muda mrefu sana. Kisha akasema, "Kumbe walimu hawakudanganya." Akataka kujua nani anaipangusa. Alitazama mpaka ikazama nyuma ya paa la jirani, nami nikadhani kazi ya darubini imekwisha kwa heshima zote.

Jana alasiri, jua bado kali, akaniambia niigeuzie ng'ambo ya bonde. Huko, kwenye mteremko wa pili, anakaa mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Hawajasemezana miaka sita kwa sababu ya shali ya Mama ya rangi ya zambarau, ambayo Mama alisema mama mdogo kaichukua na mama mdogo akaapa hajaiona. Nilimweleza Mama kuhusu kiapo changu, wakili na kizuizi cha shaba. Akanijibu, "Kiapo ni chako, macho ni yangu." Nilikifungua kizuizi. Kilikuwa na skrubu mbili tu.

Darubini za namna hii huonyesha kila kitu kichwa chini. Kwa hiyo tulimpata mama mdogo uani kwake amening'inia miguu juu, anachambua maharage, na maharage hayamwagiki. Mama akasema hivyo ndivyo alivyomfahamu siku zote. Halafu akashika kopo kwa mikono miwili. Mama mdogo alikuwa amejitanda shali ya zambarau.

Nilingoja hasira. Mama alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na yale machozi nikaona hayakuwa ya kucheka tu. Akaniamuru nipige simu. Mama mdogo alipopokea alianza kwa kukana, kwamba shali gani tena, hajawahi kuwa na shali. Nikamwambia anayo mabegani sasa hivi, na sufuria ya maharage iko mkono wake wa kushoto. Mama akanipokonya simu akasema, "Usiivue. Inakupendeza."

Mama mdogo hakumsikia. Alikuwa ameshasimama katikati ya ua, simu ameiweka juu ya kiti, ameivua shali na anaipunga juu kwa nguvu zake zote, akitazama upande ambao sisi hatupo kabisa. Mama naye, jicho liko tunduni, akainua mkono akawa anampungia.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, hiki ni kifaa cha kutazamia watu, wala hakina kazi nyingine inayofikia hiyo. Naomba niondolewe kwenye mstari wa nyota na niandikiwe asilimia ishirini na tano, pamoja na adhabu ya kiapo kama ipo. Nitaleta mwenyewe Jumatatu. Leo na kesho sitoki, Mama hajamaliza kumtazama mdogo wake.